Muulize Afande: Kaka yangu anataka kwenda Richmond

Mwezi huu nimepokea barua nne, na zote zinagusa jambo moja: mwenye bunduki azungumze vipi na mtunga sheria. Kwa msomaji anayeufungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, hapa Uganda. Baba yangu alikuwa koplo, na katika nyumba zile za mabati Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, Mwacholi na Mganda, Mteso na Mlugbara. Nami nikavaa sare. Nilitumika miaka 27, na 19 kati ya hiyo niliikalia meza ya ghala la silaha, nikiandika zinazotoka na zinazorudi. Nilistaafu nikiwa sajenti. Ninayoyajibu hapa nayajibu kama mtu aliyehesabu risasi kila asubuhi kabla ya chai.

*Afande, salamu kutoka Arua. Kaka yangu yuko Virginia, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Anaendesha lori, ana grini kadi, yaani hati ya ukaazi wa kudumu, na amenunua bastola kihalali. Wenzake wa kiwanja cha shabaha wamemwalika waende pamoja Richmond mwezi wa Januari, wakawaone wabunge wa jimbo na kupinga miswada ya kudhibiti silaha. Yeye anasema ni haki yake. Sisi huku nyumbani hatulali. Mbunge wetu aliuawa kwa risasi mwaka 2018, na tangu hapo mama hataki kusikia bunduki na mbunge vikitajwa pamoja. Tumkataze? — Dada mwenye wasiwasi, Arua*

Dada yangu, salamu zimefika, na poleni. Mheshimiwa Ibrahim Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua, aliuawa tarehe 8 Juni 2018 huku Wakiso, akiwa karibu kabisa kufika nyumbani kwake, na waliompiga risasi walikuwa juu ya pikipiki. Mji uliopitia msiba wa namna hiyo hauhitaji kuambiwa na mtu usiogope. Lakini anachoitiwa kaka yako ni kitu kingine, na ukikielewa utamsaidia mama kuliko kumkataza mtu mzima aliye ng'ambo.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake. Sheria nyingi zinazomgusa mwenye bunduki moja kwa moja hutungwa huko: nani anunue, akaguliwe vipi, abebe wapi. Bunge la Virginia linakaa Richmond, lina maseneta 40 na wajumbe 100. Linafungua kikao Jumatano ya pili ya Januari na kukaa siku 60 katika miaka ya shufwa, na muda mfupi zaidi katika miaka ya witiri. Kwa hiyo miswada yote ya mwaka hupita au hufa ndani ya wiki chache, na anayechelewa kusema hukuta mambo yameshakwisha. Ndiyo sababu chama cha wenye silaha cha jimbo lile, Virginia Citizens Defense League, kimezoea kuwaita watu wake Jumatatu ya tatu ya Januari, sikukuu ya Martin Luther King. Siku hiyo wengi hawako kazini na bunge liko wazi.

Kazi yenyewe haina maajabu. Watu hufika asubuhi na mapema kwa mabasi na magari yao, wanabandika kifuani kibandiko cha duara cha rangi ya chungwa, wanagawanyika vikundi vidogo, na kila kikundi kinapita ofisi kwa ofisi. Wanaongea dakika chache na mbunge au msaidizi wake, wanaacha karatasi, wanatoka. Mfugaji wa Karamoja aliyewahi kumsubiri mkuu wa wilaya kwenye benchi anaijua kazi hiyo.

Najua lakini kwamba picha mlizoziona Arua si hizo. Ni za mwaka 2020. Chanzo chake kilikuwa damu: tarehe 31 Mei 2019, mfanyakazi wa manispaa ya Virginia Beach aliwaua watu 12 katika jengo walimofanyia kazi. Gavana Ralph Northam akaita kikao maalumu mwezi wa Julai, na wabunge wa chama cha Republican, wapinzani wa gavana, waliokuwa na wingi wakakifunga baada ya dakika kama 90 bila kuupigia kura muswada hata mmoja. Novemba wapigakura wakawapa Democrats, chama cha gavana, mabaraza yote mawili. Hapo wenye bunduki wakaamka. Kabla hawajafika Richmond walianzia nyumbani: walijaza kumbi za halmashauri zao usiku, watu wakafika hadi nje ya milango, na kaunti na miji zaidi ya 100 ikapitisha maazimio ya kusimama upande wao. Mwanasheria mkuu wa jimbo alisema mwezi wa Desemba kwamba maazimio hayo hayana nguvu ya kisheria. Hayakuwa na nguvu kweli, ila kila mbunge aliyatazama na kujua kwao wanasemaje.

Tarehe 20 Januari 2020 walikuja watu kama 22,000. Gavana alikuwa ametangaza hali ya dharura na kukataza silaha ndani ya uwanja wa bunge, hivyo 6,000 hivi waliingia mikono mitupu, na wengine 16,000 hivi walibaki barabarani, wengi wao na bunduki ndefu mabegani. Siku chache kabla, FBI, wapelelezi wa serikali ya taifa, ilikuwa imewakamata watu watatu wa kundi la wabaguzi wa rangi ambao walikuwa wamezungumzia kwenda kwenye mkutano ule. Kwa hiyo hofu ya mama si ya kijinga hata kidogo. Siku yenyewe ilikwisha bila risasi kufyatuliwa.

Sasa nikuonyeshe chumba ambacho picha hazikukionyesha. Muswada mkubwa uliowaleta wale watu, wa kukataza kuuza bunduki za aina ya kijeshi, ulipita katika Baraza la Wajumbe. Tarehe 17 Februari ukafika mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti, watu 15 tu mezani. Kumi walipiga kura uwekwe kando hadi mwaka uliofuata, watano walikataa. Kati ya wale kumi, wanne walikuwa Democrats, wa chama kilekile cha gavana. Miswada mingine ilipita, na gavana akaitia saini mwezi wa Aprili: ukaguzi wa historia ya kila mnunuzi, bastola moja kwa mwezi, kuripoti silaha iliyopotea, na mahakama kuruhusiwa kumnyang'anya silaha kwa muda mtu aliye hatari. Basi hesabu ndiyo hiyo. Watu 22,000 walionekana na dunia nzima, lakini ule muswada mmoja ulisimamishwa na maseneta wanne waliokuwa na wapigakura wa kuwajibu kwao.

Ninalotaka kumwambia kaka yako linatoka ghalani. Jioni moja askari wawili walikuja mezani kwangu wakibishana juu ya likizo. Mmoja alikuwa ndiyo anatoka zamu, bunduki ingali mkononi, mdomo wake umeelekea sakafuni kama tulivyofundishwa. Hakumtishia mwenzake. Hakuinyanyua hata inchi moja. Lakini yule mwingine alianza kumeza maneno, akawa anajibu "sawa, sawa", na mimi nilijua hakuna kilicho sawa. Nikamwambia wa zamu: weka kwanza mezani. Akachomoa magazini, akaangalia chemba, akaiweka. Nikahesabu risasi zake, 30, akapiga dole gumba kitabuni. Yule mwingine alisubiri kalamu yangu itulie, kisha akaanza kusema yaliyomkaa moyoni tangu Krismasi, na alisema kwa nusu saa.

Kule Richmond, siku hiyohiyo ya Martin Luther King, kulikuwa na watu wengine waliozoea kukusanyika kila mwaka kuwakumbuka waliouawa kwa risasi. Mwaka 2020 walifuta mkusanyiko wao kwa kuhofia usalama. Hakuna aliyewaelekezea mtutu, walinyamaza tu. Mimi ni mtu wa silaha, sijawahi kuzichukia, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mwenye bunduki ana neno la kusema na asikilizwe, ila asiende kulisema kwa namna inayomfanya mjane abaki nyumbani.

Kwa hiyo usimkataze. Mwambie aende, bastola yake aiache nyumbani ndani ya kasha lenye kufuli. Asiifiche garini, maana gari huvunjwa. Sheria ya Virginia ya 2021 inakataza silaha katika uwanja wa bunge na majengo ya serikali ya jimbo, na ukaguzi upo. Na kwa kuwa yeye ni dereva wa masafa, akumbuke kwamba akivuka mto Potomac kuingia Maryland, kibali cha Virginia cha kubeba hakitambuliwi upande ule.

La pili, na hili msome naye polepole kwenye simu. Grini kadi inamruhusu kumiliki silaha, na uhuru wa kusema na kuwaomba viongozi unamlinda kama raia. Lakini yeye si mpigakura. Katika mikusanyiko ya namna hii watu hupitisha fomu nyingi, na nyingine zina kisanduku cha uraia au cha kujiandikisha kupiga kura. Asiweke alama, asitie saini, hata rafiki akimwambia ni kitu kidogo. Kujidai raia na wewe si raia kunaweza kumfukuzisha nchini kabisa. Mbele ya mbunge aseme: mimi ni mkazi wa wilaya yako, nalipa kodi hapa, naendesha lori. Hiyo inatosha.

La tatu, asiende kuwaona wabunge 140. Anao wawili tu, seneta wake na mjumbe wake. Asome muswada wenyewe, wenye namba, asitegemee ujumbe unaozungushwa na watu wenye hasira. Kisha asimulie maisha yake: usiku anaolala ndani ya lori kwenye maegesho, kwa nini alinunua, anaihifadhi vipi, kifungu kipi kitamuumiza na kipi hakimsumbui. Ikiwa kuna kifungu anachokubaliana nacho, akiseme pia, hata kama wenzake watamtazama vibaya. Mtu anayekubali kimoja na kukataa kingine huombwa aketi.

Na mama mwambie hivi: mtoto wake anakwenda kugonga mlango wa mbunge na kuvua kofia.

*Afande, mimi ni mfugaji Nakaseke, nina ng'ombe zaidi ya mia na shotgani yenye kibali tangu 2009. Kila likitokea tukio mjini nasikia sheria itakazwa, na anayebanwa ni mimi mwenye karatasi, si mwizi. Wamarekani wamejua kujipanga. Nasi wenye vibali tunaweza? Nimeshaanza kundi la WhatsApp, tuko 14, nimemwambia kila mmoja aandike jina, kijiji na namba ya bunduki yake. — Mfugaji, Nakaseke*

Mzee mwenzangu, kabla hujaendelea kusoma, ifute hiyo orodha. Futa sasa, na uwaambie wenzako 13 wafute. Umewaandalia wezi ramani: nani ana bunduki, yuko kijiji gani. Simu moja ikiibiwa kwenye gulio, mtu anaijua nyumba ya kuvamia na kitu cha kuchukua. Mimi kitabu changu cha ghala kilikuwa na kurasa zilizopauka kwa vumbi, na bado kila jioni kiliingia ndani ya sanduku la chuma kama bunduki zenyewe. Jina na simu vinawatosha kwenye kundi lenu. Namba ya bunduki inakaa kwenye cheti na kwa polisi.

Sasa swali lako. Mnaweza, ila mnasimama pengine kabisa. Mmarekani anapozungumza ana marekebisho ya pili ya katiba yake, ya mwaka 1791, yanayolinda haki ya kuwa na silaha, na mahakama ya juu kabisa ya nchi ilishasema mwaka 2008 kwamba hiyo ni haki ya mtu binafsi. Ana pia vyama vya muda mrefu: NRA, chama cha taifa cha wenye silaha, ilianzishwa 1871 kufundisha shabaha, ikaunda idara ya kushughulika na wabunge 1975, wanachama wakapindua uongozi katika mkutano wa Cincinnati mwaka 1977, na huwapa wanasiasa alama kama za shule, A hadi F. Sisi sheria yetu ya silaha ni ya mwaka 1970, na msingi wake ni cheti. Serikali inakupa, na inaweza kukunyang'anya. Ukienda kwa mbunge ukasema "haki yangu ya bunduki", umeshashindwa kabla hujakaa. Sema "kibali changu", halafu sema umekitunza vipi.

Haki uliyo nayo ni nyingine, na ni nzuri: ibara ya 38 ya Katiba ya 1995 inampa raia wa Uganda haki ya kushiriki katika mambo ya serikali na kushawishi sera zake kwa njia ya amani. Hiyo ndiyo ya kushikilia. Muswada ukisomwa bungeni mara ya kwanza hupelekwa kamati, na wa silaha bila shaka utapita kwa Kamati ya Ulinzi na Mambo ya Ndani. Kamati hupokea maoni ya wananchi, kwa maandishi na kwa kuwaita mbele yake. Huo ndio mlango wenu. Mkingoja mpaka bunge zima likae kupiga kura, mtakuwa mnapiga kelele nje ya uzio. Muswada ukipita huko, Rais ana siku 30 za kutia saini, kuurudisha au kuukataa. Kurasa mbili zinatosha, zenye majina ya watu wenye karatasi halali tu. Mmoja wenu mwenye cheti kilichokwisha muda atawaangusha wote 14, basi kagueni vyeti kwanza, kila mtu kwa macho yake.

Na mbunge wenu mnamjua mnakompata. Hamhitaji kupanda basi mpaka Kampala. Jumamosi yuko kwenye mazishi, Jumapili kanisani au kwenye harambee. Msimvamie penye msiba. Mwombe msaidizi wake nusu saa, nendeni watatu au wanne, mzee mmoja na kijana mmoja wawemo. Bahasha msitoe, hata akikaa kama anayeingoja. Mkitoa mtakuwa wanunuzi, na mwenye mbuga kubwa kuliko zenu anaweza kununua zaidi.

Mtakalosema lina uzito, mimi nimeliona kwa macho. Katika miaka ya kukusanya silaha Karamoja nilikuwa Moroto kwa muda. Zoezi la kurudisha kwa hiari lilianza Desemba 2001, na waliorudisha waliahidiwa majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na mabati. Alikuja mzee mmoja, shuka begani, kigoda mkononi, akaiweka bunduki chini kwa mikono miwili kama mtu anayelaza mtoto. Akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Ng'ombe, nani atachunga usiku?" Aliyekuwa akiandika alimjibu kwamba serikali itachunga. Baada ya miezi michache nilimwona tena, anatembea bila mnyama hata mmoja. Majirani ambao hawakurudisha zao walikuwa wamekuja usiku. Swali la yule mzee ndilo lako, na nakuhakikishia ndilo wanalouliza Virginia pia, kwa Kiingereza. Watunga sheria wanaopitisha sheria bila kulijibu wanaacha mtu wa haki mtupu.

Lakini nami nikuambie upande wangu, maana ukurasa huu ni wa ukweli. Tarehe 2 Mei 2023 waziri wa nchi wa kazi, Kanali mstaafu Charles Engola, aliuawa nyumbani kwake Kyanja na askari aliyewekwa kumlinda. Bunduki ilikuwa halali, na aliyeishika alikabidhiwa kwa utaratibu. Katika kambi niliyokulia, mtoto wa jirani, umri wangu, alikufa kwa bunduki ya baba yake iliyokuwa chini ya godoro. Tulikuwa tumecheza naye mpira asubuhi. Baba yake aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sikumwona tena akicheka. Nilipopewa ghala, kitu cha kwanza nilichoomba kilikuwa kufuli ya pili. Kwa hiyo nikisikia mtu anapinga kila kifungu, mpaka cha kasha la chuma na ukaguzi wa mwaka, ninamshangaa. Baada ya kifo cha Abiriga, Rais alisema mbele ya Bunge tarehe 20 Juni 2018 kwamba bunduki zote zichukuliwe alama, ili risasi ikiokotwa ijulikane imetoka kwenye mtutu gani. Kwako wewe mwenye karatasi hiyo ni kinga. Wewe ndiye wa kwanza kuitaka.

Nendeni na ombi, kuliko kwenda na pingamizi tupu. Kwa mfano, kuhuisha cheti kufanyike wilayani badala ya mfugaji kuacha ng'ombe na kusafiri. Kasha la chuma likiwa lazima, mpewe muda wa kulinunua. Kesi za wizi wa mifugo ziende haraka, maana zikicheleweshwa ndipo watu wanapotafuta bunduki zisizo na karatasi. Mbunge akipewa ombi la namna hiyo ana kitu cha kubeba mpaka kwenye kamati.

*Afande, mimi ni mwanafunzi Mbale. Tunasoma kwamba Wamarekani wengi wanataka ukaguzi wa wanunuzi wote wa silaha, lakini sheria haipiti. Wachache wanawashindaje wengi? — Mwanafunzi, Mbale*

Mwanangu, kwa sababu wachache hao hawachoki, na hupigia kura jambo hilo moja. Baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, Seneti ya taifa ilipiga kura tarehe 17 Aprili 2013 juu ya kupanua ukaguzi. Waliounga mkono walikuwa 54, waliopinga 46, na zilihitajika 60. Mwaka huohuo jimbo la Colorado lilipitisha ukaguzi kwa wote na kuzuia magazini zinazozidi risasi 15. Wenye silaha wakazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya saini, na tarehe 10 Septemba 2013 wapigakura wa maeneo mawili wakawaondoa maseneta wao kabla ya muhula kwisha: John Morse, aliyekuwa rais wa seneti ya jimbo, na Angela Giron wa Pueblo. Haikuwahi kutokea Colorado. Kila mbunge wa majimbo mengine alilisoma tukio lile gazetini na kujishika shingo. Lakini ona pia kwamba sheria zenyewe hazikufutwa.

Na njia hiyo haina mwenyewe. Tarehe 14 Februari 2018 watu 17 waliuawa katika shule ya Parkland, Florida. Wanafunzi waliobaki hai walipanda mabasi kwenda Tallahassee wiki iliyofuata, wakakaa mbele ya wabunge wa jimbo, macho bado mekundu. Florida lilikuwa jimbo ambalo chama cha wenye silaha kilikuwa na sauti kubwa kwa miongo. Tarehe 9 Machi gavana Rick Scott, Republican, alitia saini sheria iliyopandisha umri wa kununua bunduki hadi miaka 21. Walikuwa watoto wa umri wako.

*Mimi ni askari wa kampuni ya ulinzi, Kampala. Bunduki si yangu, ni ya kampuni. Sheria zikibadilishwa nani ataniuliza mimi? Mshahara unachelewa, zamu ni saa 12, na usiku mwingine tunaachiwa silaha ambayo hatujawahi kuifyatua. — Askari wa usiku*

Hakuna atakayekuuliza, kwa hiyo usisubiri. Wenye vibali wana kundi la WhatsApp, wenye kampuni wana wanasheria, na wewe unayelala nayo mapajani mlangoni mwa benki huna mtu. Nami naamini wewe ndiye unayejua zaidi kuliko wote hao. Kamati ya Bunge hupokea barua ya mtu mmoja kama ya chama, na ombi la pamoja laweza kuwasilishwa na mbunge, likiwa limeandikwa kwa heshima, na waombaji wametia saini au dole gumba.

Anza leo usiku. Chukua daftari la kawaida. Andika tarehe, saa uliyoingia na uliyotoka, risasi ulizopewa na ulizorudisha, mara ya mwisho ulipofundishwa kulenga, siku mshahara ulipofika. Usiandike jina la benki wala mahali unapolinda. Waambie na wenzako watano wafanye hivyo kwa miezi mitatu, kisha nitumieni nakala kupitia ofisi ya jarida hili. Nitawasaidia kuiandika ile barua, na kuipeleka nitakwenda nanyi.